Majani Kwenye Barabara ya Zengcheng

Nilipoolewa, jambo la kwanza mama mkwe alilonifundisha halikuwa kupika wala kutandika kitanda. Alinikalisha jikoni kwenye kigoda, akaniambia, "Mwanangu ni dereva. Akirudi safari usimuulize amelala wapi. Muulize njia ilikuwaje. Akikwambia, umeambiwa. Asipokwambia, mpe maji akaoge." Nilikuwa binti mdogo wa Makambako, nikaona huo ndio utu uzima wenyewe, nikaushika kama amri ya kanisani.

Miaka yote mume wangu aliyoendesha malori kwenye barabara kuu, kutoka bandarini Dar mpaka Tunduma mpakani na kuvuka, nilimuuliza swali hilo hilo. Anashuka, anavua viatu mlangoni, nami namuuliza, "Njia ilikuwaje, Baba?" Naye ananijibu, "Njia ni njia tu." Basi, mazungumzo yameisha. Mtu amepanda mlima Kitonga na lori la mbolea, amelala sijui wapi, amekula sijui kwa nani, na mimi narushiwa hayo kama makombo. Nilikuwa nabeba ndoo ya maji ya kuoga kwa hasira, nayamwaga mengine njiani, lakini nilibeba.

Kisha mgongo wake ukagoma, daktari akamwambia usukani basi. Mwanamume aliyezoea kuiona nchi nzima kwa kioo cha mbele akabaki anaangalia kuku kwa dirisha la sebuleni, na mimi nikaingia biashara. Nilianza na vitenge vya Tunduma, nikasogea Kariakoo, na Kariakoo ndiko nilikosikia wenzangu wakitaja Bangkok, Hong Kong, Guangzhou, kama vile wanataja Mafinga. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni nilikuwa nimeshakwenda Guangzhou safari kadhaa, naleta jinzi na viatu vya watoto, na nyumba yetu imepata bati jipya.

Bati jipya lina maneno yake. Shemeji zangu, kaka zake wakubwa, walianza kuja jioni kunywa chai yangu, yenye maziwa yangu, na kumuuliza ndugu yao mbele yangu kama anajua mkewe analala wapi huko Uchina. Lisemwalo lipo, walimwambia, na kama halipo linakuja. Yeye aliwasikiliza, halafu siku moja akaniambia kwamba safari ijayo tutakwenda wote. Ataona kwa macho yake, na akishaona ndipo atasema kama niendelee au nikae nyumbani. Ndivyo alivyonitamkia: atasema. Nilikasirika mpaka nikaunguza maharage. Lakini tiketi nilikata mbili, kwa sababu biashara ile niliipenda, na yeye nilimpenda, na sikutaka kuchagua.

Guangzhou ilimshinda asubuhi ya kwanza. Tulipanga Liuhua, karibu na stesheni kubwa ya treni, kwenye hoteli ya wafanyabiashara ambayo feni yake ililia kama mbuzi. Asubuhi tuliingia Zhanqian Road, kwenye yale maghorofa ya nguo ambako kila duka ni chumba na kila chumba kimejaa mpaka darini. Wenye maduka walinifahamu. "Laoban! Laoban!" waliniita kila mlango niliopita.

"Wanasemaje?" akaniuliza.

"Bosi. Wananiita bosi."

"Na mimi wananiitaje?"

Yeye hawakumwita kitu. Walimpa kiti cha plastiki. Mume wangu, mtu mrefu aliyekuwa anaamuru lori na tela lake, akakaa kwenye kile kiti kidogo cha rangi ya waridi, magoti yamefika kifuani, amekumbatia mkoba wangu. Mimi nikapiga bei. Nilipiga bei kwa madaha, sikatai, nilitaka anione. Nikasema ghali sana kwa Kichina, nikasema sitaki, nikageuka kama naondoka, nikaitwa nirudi. Nilidhani anajivunia. Kumbe kila neno la Kichina lililotoka kinywani mwangu lilikuwa linamsogeza mbali kidogo, na mimi nayasema kwa sauti.

Siku zikapita hivyo, kiti mpaka kiti. Jioni moja nafunga robota la sampuli chumbani, akasema akiwa amenipa mgongo, "Mama, ukimaliza safari hii, tupumzike."

Nyumbani kwetu neno tupumzike halina wingi. Maana yake ni wewe upumzike. Sikumjibu. Nilikaza kamba ya lile robota mpaka ikanikata kidole.

Chumba cha mbele yetu alikaa mzee wa Kizanzibari anayesafirisha mapazia, mtu wa swala tano na chai ya hiliki, ambaye alimwona mume wangu akipita kila siku na mifuko kama punda wa watu. Kesho yake alinisimamisha kwenye korido.

"Bibi wee, mtoe mumeo. Mume hafungwi dukani kama jora."

"Nimpeleke wapi, mzee wangu? Mimi nimekuja kazini."

"Si una mzigo wako kiwandani? Nenda naye mwenyewe kwa gari. Na usipite barabara hii mpya ya kulipia, hiyo haina kitu. Piteni ile ya zamani ya Zengcheng. Ile ilikuwapo tangu enzi za wafalme wao, watu wakipita na chumvi mabegani. Akapigwe na upepo, na macho yake yapate kula."

Ni kweli nilikuwa na oda ya jinzi iliyochelewa, na kiwanda kilikuwa kwenye mji mdogo huko upande wa Zengcheng, mashariki. Kwa kawaida ningesubiri waniletee. Safari hii nikaomba hoteli initafutie gari, ikaja hiace nyeupe yenye dereva mwembamba, sigara sikioni, na chupa ya jemu imejaa chai na majani yake yanaelea. Nilimwonyesha anwani. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba tupite njia ya zamani. Aliniangalia kama mtu aliyeombwa kuteka maji kwa pakacha, akacheka, akawasha gari.

Mume wangu alikaa mbele. Sasa, Wachina wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wao uko kushoto, kwa hiyo yeye alikaa pale pale alipokaa maisha yake yote, ila usukani haupo. Nilimtazama kutoka nyuma. Mpaka tunatoka mjini mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo, na kila pikipiki iliyotukata mbele aliibania pumzi. Baadaye majengo yakapungua, mashamba ya mboga yakaanza, na barabara ikaingia katikati ya safu mbili za miti mirefu yenye magome meupe yanayobanduka. Akashusha kioo, akatoa kichwa chote nje.

"Milingoti!" akapiga kelele. "Mama, angalia, milingoti! Nani amewaletea?"

Ilikuwa milingoti kweli, mikaratusi ile ile ya kwetu, na harufu yake ile ile baada ya mvua. Nilikuwa nimekuja Guangzhou safari zote zile na sikujua kama kuna mti hata mmoja. Yeye akageuka kuniangalia kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu mgongo umgomee, uso wa mtu anayeanza safari.

Kuanzia hapo ikawa barabara yake. Barabara ya zamani ile haikuwa na haraka. Ilipita katikati ya kila mji mdogo, mlangoni kwa watu kabisa, na kila mji ulikuwa na kazi yake moja. Mji mmoja ulikuwa wa ndoo na viti vya plastiki, vimepangwa mpaka kwenye lami. Mji uliofuata ulikuwa wa masinki na vyoo vyeupe, vinang'aa juani pande zote mbili. Halafu mji wa mafundi matairi, halafu mji wa mabata bukini ya kuchoma yaliyoning'inizwa kwa shingo kwenye vioo vya mbele vya vibanda. Mume wangu alivibatiza vyote. Mji wa ndoo akauita Ruaha Mbuyuni, kwa sababu huko nako kila mtu anauza vitunguu na hakuna anayeuza kingine. Mji wa mabata ukawa Ilula. Tulipokuta nyati wa maji wamelala barabarani na dereva anapiga honi bure, akasema, "Mikumi hii, zima muziki wanyama wapite." Tukaja kwenye kilima kidogo, gari likabadilisha gia, yeye akakaa sawa, akasema kwa heshima, "Kitonga." Kilima kikaisha kabla hajamaliza kulitamka. Alisikitika kwa niaba ya Wachina.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Na pale nilipokuwa nacheka kikanijia kitu kingine, uchungu kidogo. Ndoa yetu yote barabara ile ya Kitonga na Ilula ilikuwa njia ni njia tu. Kumbe alikuwa anayo yote kichwani, kila mji na kitunguu chake, na ilibidi nimlete Uchina ndipo anihadithie.

Na dereva naye wakaelewana, sijui niseme vipi, maana hawakuwa na neno hata moja. Lori lililo mbele yetu likiwasha taa ya pembeni, mume wangu anaonyesha kwa kidole: usipite, anakwambia kuna gari. Mchina anatikisa kichwa. Likizima, mume wangu anapunga mkono: haya, nenda. Walipita hivyo malori mengi. Baadaye dereva akatoa ile sigara ya sikioni, akampa. Mume wangu havuti. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni kwake.

Gari lilikufa kwenye kona.

Lilianza kwa kutoa harufu ya mpira unaoungua, kisha mvuke ukatoka chini ya miguu yao, na dereva akalisukuma pembeni kwa nguvu za mwisho. Lakini pembeni hapakuwa na pembeni. Kando ya lami kulikuwa na mfereji wa maji, na ng'ambo ya mfereji mlima wa miti iliyoshonana, matawi yameinama mpaka juu ya lami. Nusu ya gari ilibaki barabarani, na kona yenyewe ilikuwa ya kujificha. Dereva akafungua, akatoa mkanda uliokatika, akatuonyesha. Akaashiria mji tuliotoka, akaashiria tukae, akaondoka kwa miguu huku akikimbia kidogo.

Mume wangu alizunguka nyuma ya gari akitafuta ile pembetatu nyekundu ya kuonya. Haipo. Lori la mchanga likapita, upepo wake ukatuvuta nguo. Nilimwona anabadilika sura.

"Gari limekufa kwenye kona," akasema, "na halina majani!"

Kila aliyesafiri barabara za kwetu anajua. Ukikuta majani mabichi kwenye lami, tawi hapa, tawi pale, punguza mwendo, mbele kuna mwenzako amekwama. Hakuna anayefundishwa shuleni. Majani hayo yameokoa watu wengi kuliko trafiki wote wa Mbeya. Basi mume wangu hakufikiri mara mbili. Aliruka mfereji, mgongo mbovu na yote, akaanza kuvunja matawi yale yaliyoinamia barabara, akayalaza nyuma ya gari moja moja, akirudi nyuma kwa hatua zake ndefu mpaka ng'ambo ya kona, halafu na upande wa mbele. Alifanya kazi safi. Nilimwangalia nikaona raha, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu tufike alikuwa anajua la kufanya na mimi sijui.

Sikuangalia matawi. Ndilo lililotuponza. Niliona majani tu, mpaka mtu wa baiskeli alipofika kwenye tawi la kwanza. Badala ya kupunguza mwendo na kupita, akashuka. Akaliokota. Akaligeuza, akachuma kitu, akala. Kisha akalifunga nyuma ya baiskeli yake na kuendelea na safari akitabasamu.

"We!" mume wangu akamkimbilia. "We bwana! Rudisha majani!"

Nikaenda kwenye tawi la pili, nikainama. Lilikuwa limebeba matunda, mashada kwa mashada, mekundu, yenye ganda la vipele, kama shokishoki zilizonyolewa nywele. Nilikuwa nayaona sokoni kwenye vikapu na najua bei yake, maana bei ndiyo niliyokuwa najua ya kila kitu. Lichi. Zengcheng yote inaishi kwa lichi, na mume wangu alikuwa amezitandika barabarani wiki ya kuvuna.

Nilipoinua kichwa, mama mmoja alikuwa anashuka mlima. Kofia ya ukindu, buti za mpira, umri wa mama mkwe wangu, na mkononi ana mti mrefu wa mwanzi wenye ndoana ya kuchumia. Kelele zake zilimtangulia. Sikuelewa neno, lakini matusi ya mwenye shamba hayahitaji mkalimani. Akayaona matawi yote, moja baada ya jingine, yanavyokwenda mpaka kupotelea konani, na sauti ikamkatika. Nilitamani aendelee kutukana.

"Mwambie pole," mume wangu akaniambia kwa haraka. "Mwambie sikujua. Mwambie kwetu ndivyo tunavyofanya gari likiharibika. Mwambie, Mama! Si unajua Kichina?"

Nikafungua mdomo. Nikasema lile neno la kumwomba radhi mtu uliyemkanyaga mguu kwenye lifti. Nikalirudia. Halafu nikatafuta mengine, na yaliyokuja yote yalikuwa bei gani, ghali sana, punguza, hakuna, sitaki. Kichina changu kizima kilikuwa cha dukani. Nilisimama pale barabarani, laoban wa Zhanqian Road, sina hata neno la kumwambia mama wa watu kwamba mume wangu siyo mwizi.

Yule mama akaanza kuyaokota matawi yake. Hapo mume wangu akakataa. Alishika ncha ya pili ya tawi. "Hapana, mama, hapana, gari litatugonga," akamwambia kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, huku akilivuta. Mama akavuta. Lichi zikadondoka na kubingirika. Nikapiga ukelele wote wawili waache, na pale pale tukasikia lori.

Lilikuwa linashuka kwa mwendo ng'ambo ya kona. Mume wangu akaachia tawi, akamshika yule mama mabegani, akamvusha mfereji kama mtoto. Mimi sikumbuki nilivukaje. Tulisikia breki kabla hatujaliona. Dereva wa lori alikuwa ameyakuta matawi yaliyobaki kule nyuma, akapunguza, na alipotokea konani na kuiona hiace yetu alikuwa na nafasi ya kuikwepa, chembe tu, mpaka kioo cha pembeni kikatikisika. Akapita. Akatutupia macho na honi ndefu, akaenda zake.

Yule mama alilitazama gari, akaitazama kona, akayatazama matawi. Kisha akampiga mume wangu begani na lile tawi alilobaki nalo mkononi, pigo la mama kabisa, akapanda mlima.

Nilijua anakwenda kuita watu. Badala yake alirudi amebeba majani makubwa ya mgomba pamoja na magugu, mzigo unamzidi kimo. Akamwonyesha mume wangu kwa kidevu. Wakashuka barabarani pamoja, yeye anaokota tawi la lichi, mume wangu analaza jani la mgomba mahali pake, wanarudi nyuma hivyo hivyo mpaka ng'ambo ya kona. Yule mama aliposimama vibaya barabarani mume wangu alimsogeza kwa mkono, na yeye akakubali kusogezwa. Nimeona mengi Uchina. Sijaona lililonigusa kama mgongo wa mume wangu na mgongo wa yule mama ikiinama pamoja kwenye lami.

Alituweka kwenye kibanda chake cha nyasi pale mlimani tumsubiri dereva, akamimina matawi yaliyovunjika mbele yetu, akatuashiria tule. Nilitoa pochi. Akaisukuma na kusema sitaki, kwa Kichina kile cha dukani ili nielewe. Nilikuwa nimelisema neno hilo maelfu ya mara, nikiwa nimekunja uso. Kulisikia likitumika hivyo kulinifanya nitazame pembeni.

Tulikaa tunamenya lichi. Chini malori yanapunguza, yanapita. Mume wangu akasema bila kuniangalia, "Ulipokuja huku mara ya kwanza, ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Na hiki Kichina?"

"Sikuwa nacho. Nilikuwa naonyesha vidole."

"Kama nilivyokuwa mimi pale chini."

"Kama ulivyokuwa wewe pale chini. Kila siku, Baba. Na mimi sikuwa na mtu wa kumwambia, 'Mwambie.'"

Akamenya nyingine, akaishika tu. "Na ulilala wa..." akaanza, akanyamaza.

Mimi nina hasira za karibu, na zile zilikuwa zimekaa tangu kwenye maharage. "Malizia," nikamwambia. "Uliza. Mama yako alinikataza mimi nisikuulize hilo, na sikukuuliza. Miaka yote ile, Baba. Ulikuwa unarudi na vumbi la nchi tatu, nakuuliza njia, hunipi hata njia. Nakuchotea maji. Sasa wewe nani alikukataza? Uliza."

Yule mama alikuwa amekaa mbele yetu anapanga lichi kwenye kikapu, hakuinua kichwa, lakini mikono ilimsimama. Ugomvi wa mke na mume nao hauhitaji mkalimani. Mume wangu hakuuliza. Aliiweka ile lichi iliyomenywa kwenye kiganja changu, akachukua nyingine.

Dereva alirudi na mkanda, akayaona majani ya mgomba, akakuna kichwa. Gari likapona. Kabla ya kuondoka mume wangu aliyatoa majani yote barabarani mpaka la mwisho, maana hiyo nayo ni sheria, usimwachie mwenzako uongo njiani. Tulifika kiwandani, jinzi zangu zikawa ziko tayari, tukarudi kabla jua halijazama kwa njia ile ile, Mikumi, Ilula, Ruaha Mbuyuni, lakini safari hii hakuzitaja. Dereva alimruhusu apige honi kwenye milingoti. Alipiga mara moja, kidogo.

Kontena lilipopakiwa bandarini Huangpu tukarudi nyumbani. Shemeji zangu walikuja jioni ile ile, wakauliza ameona nini. Akawahadithia majani ya lichi, akajifanya kichekesho yeye mwenyewe, wakacheka mpaka chai ikawapalia. Halafu mkubwa wao akafuta macho, akasema, "Sawa. Na hii biashara sasa, umeamuaje?" Mume wangu akasema chai inapoa.

Hivyo hakusema. Alikuwa ameahidi kusema, na hakusema, na mimi sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Nilifungasha safari iliyofuata bila ruhusa na bila katazo. Alinisindikiza stendi, akayapiga matairi ya basi kwa mguu kama kawaida yake, akaniambia nimsalimie yule mama wa lichi. Safari nzima nilinunua mzigo huku najiuliza kama huo ndio wa mwisho.

Niliporudi, viatu vya kaka zake vilikuwa vimepangwa mlangoni kwangu. Walikuwa sebuleni wote, na chai walikuwa wameshajipikia. Nikajua ni kikao. Nikatua begi, nikasalimia. Yule mkubwa akakohoa. "Karibu, shemeji. Pole na safari. Sisi ndugu zako tumekaa tukaona ni vizuri utuambie wazi, huko ulikokuwa unalala..."

Mume wangu akasimama. Mgongo humchelewesha kusimama, kwa hiyo kaka yake alipata muda wa kumwona na kunyamaza. Alikuja mpaka mlangoni, akachukua begi langu, akanitazama mimi tu.

"Njia ilikuwaje, Mama?"

Yeye na kaka zake wote ni watoto wa mama mmoja, wote walilelewa na swali lile, na walijua linaulizwa nani. Nilikuwa na jibu lake mdomoni, lile lile alilonipa miaka yote, na nilitamani kumpa ili alionje. Badala yake nikakaa chini na viatu vyangu, nikaanza na milingoti. Nikamweleza kwamba mji wa ndoo siku hizi unauza na beseni. Nikamweleza Kitonga yao wameichonga, hata gia gari halibadilishi tena. Nikamweleza yule mama wa lichi alivyonitambua kutoka mlimani, akaniuliza kwa mikono yuko wapi yule mrefu mvunja matawi, na nilivyomwachia kitenge akajifunga juu ya buti. Nikamweleza na hoteli, na feni bado inalia, ingawa hakuuliza. Shemeji zangu waliaga mmoja mmoja, hatukuwasindikiza.

Hadithi yangu ilipofika Guangzhou yenyewe, mume wangu akanikatiza, akasema hiyo kona ya lichi inamkumbusha kona moja ya Igawa, mwaka ule wa mvua kubwa, hajawahi kuniambia. Akaniambia. Maji ya kuoga aliyokuwa amenichemshia yakapoa kwenye ndoo, akanyanyuka taratibu, akayarudisha jikoni kuyachemsha tena.